Nani Ameandika Maagizo ya Swichi Yenu?

Msikilizaji, upo uamuzi unaofanywa maofisini, mashuleni na hospitalini mwetu bila kikao, bila muhtasari, na mara nyingi bila mkuu wa mahali hapo kujua kwamba umefanywa. Kompyuta inapowashwa asubuhi, au simu inapoingia kwenye WiFi ya ofisi, chombo hicho hakijui lolote kuhusu mtandao kilimoingia. Hakina anwani. Hakijui njia ya kutokea kwenda nje, wala hakijui kimwulize nani tovuti fulani iko wapi. Basi hutuma wito kwa wote waliomo kwenye mtandao ule: nani atanipa anwani? Anayejibu, kwa utaratibu unaoitwa DHCP, hatoi anwani tupu. Hutoa pamoja nayo msururu wa maelekezo, na chombo huyapokea na kuyafuata bila kumwuliza mwenye chombo. Maelekezo hayo ndiyo machaguo ya DHCP, na kila chaguo lina namba yake. Katika taasisi nyingi za ukubwa wa kati anayejibu ni swichi, lile sanduku bapa lenye safu ya matundu ya nyaya ndani ya kabati la chuma. Sizungumzii swichi za bei ya chini ambazo kazi yake ni kupitisha data tu. Nazungumzia zile zinazoweza kuingiwa na kupangwa. Ninachotaka kukitetea leo ni hiki: machaguo haya ni maamuzi ya taasisi, si mambo ya ndani ya fundi, na kwa hiyo yanapaswa kuandikwa, kuwa na mwenye dhamana, na kulindwa yasije yakatolewa na mtu mwingine.

Tuanze na asili yake, maana asili ndiyo inayoeleza udhaifu. Mwaka 1985 Bill Croft na John Gilmore waliandika utaratibu ulioitwa BOOTP kwa ajili ya kompyuta zisizo na diski, ambazo zilihitaji kuambiwa anwani yao na mahali pa kuchukua programu ya kuwakia. Mwishoni mwa ujumbe wa BOOTP iliachwa nafasi ya baiti 64 ili watengenezaji waweke mambo yao wenyewe. Nafasi hiyo ndogo ndiyo iliyokua ikawa machaguo tunayoyazungumzia. DHCP yenyewe ilitangazwa mwaka 1993, na Machi 1997 zikatoka nyaraka mbili ambazo hadi leo ndizo msingi wake: RFC 2131 ya Ralph Droms, inayoeleza mazungumzo kati ya chombo na mgawaji wa anwani, na RFC 2132 aliyoiandika pamoja na Steve Alexander, inayoorodhesha machaguo. Mazungumzo yana hatua nne. Chombo kinaita, mgawaji anatoa pendekezo, chombo kinaomba kile kilichopendekezwa, mgawaji anathibitisha. Katika hatua zote nne hakuna mahali ambapo chombo kinamtaka mgawaji athibitishe yeye ni nani. Mwaka 2001 uliandikwa utaratibu wa kuweka uthibitisho huo, RFC 3118, lakini haukushika. Vyombo tunavyonunua madukani havijui habari zake. Kwa hiyo katika mtandao wa kawaida usiolindwa, atakayewahi kujibu ndiye atakayeaminiwa. Hilo tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Sasa tuyaangalie machaguo yenyewe. Namba 1 hutaja ukubwa wa mtandao, namba 3 hutaja lango la kutokea. Hayo mawili yakikosewa, mara nyingi kosa hujulikana haraka, kwa kuwa intaneti haipatikani, na fundi huitwa. Chaguo linalonitia wasiwasi zaidi ni namba 6, kwa sababu likikosewa au likichezewa mambo yanaweza kuendelea kuonekana salama. Namba 6 hutaja seva za majina, yaani DNS, zile zinazoulizwa kwamba tovuti ya jina fulani inapatikana kwenye anwani gani. Anayeshika seva ya majina anashika jibu la kila swali la aina hiyo. Ukitaka kujua uzito wake, kumbuka kisa cha DNSChanger. Novemba 2011 FBI ya Marekani ilitangaza kuwa imevunja kundi lililokuwa likieneza programu hiyo haribifu, na raia sita wa Estonia wakashtakiwa. Kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 zilikuwa zimeambukizwa. Kilichobadilishwa ndani yake kilikuwa kitu kidogo sana kwa kukitazama: anwani ya seva ya majina. Kwa badiliko hilo tu wahalifu waliweza kuwapeleka watu kwenye tovuti na matangazo waliyoyataka wao, na wakavuna angalau dola milioni 14. Hata baada ya kukamatwa, seva zao hazikuweza kuzimwa mara moja, kwani mamilioni ya watu wangeamka hawana intaneti. Mahakama ikaamuru seva safi ziwekwe mahali pake, zikaendeshwa hadi tarehe 9 Julai 2012. Katika kisa kile wahalifu walilazimika kuambukiza kompyuta au kubadili rauta moja moja. Swichi inayogawa chaguo namba 6 haihitaji kazi hiyo yote: mstari mmoja ndani yake unazifikia mashine zote za jengo.

Hata pasipokuwa na mhalifu, chaguo hili huponza. Zoea lililoenea ni kuweka seva ya majina ya ndani ya ofisi kwanza, kisha kuongeza seva ya umma kama 8.8.8.8 kuwa ya akiba. Nia ni njema, lakini orodha ile si ya bosi na msaidizi wake. Kompyuta ikichelewa kupata jibu kwa ile ya kwanza inaweza kuhamia ya pili na kukaa huko kwa muda, na ile ya pili haijui jina lolote la ndani. Matokeo yake printa au mfumo wa uhasibu unapatikana asubuhi, unapotea mchana, unarudi jioni, na fundi anatafuta waya uliolegea. Seva zote zinazotajwa katika namba 6 lazima ziwe na majibu yale yale. Kama seva ya ndani ipo moja, afadhali itajwe hiyo moja, na bidii ielekezwe kuifanya isizimike au kuongeza nyingine iliyo sawa nayo.

Chaguo namba 51 hutaja muda wa kuazima, kwa kuwa anwani haitolewi moja kwa moja. Huazimwa kwa muda unaohesabiwa kwa sekunde, na nusu ya muda huo ikipita chombo huanza kuomba kuongezewa. Hapa ndipo pesa za taasisi zinapopotea bila mtu kujua. Chukua hospitali inayotoa WiFi kwa wagonjwa na wanaowasindikiza. Mtandao wa kawaida wenye ukubwa wa 255.255.255.0 una anwani 254 zinazotumika, na lango linachukua moja. Swichi ya Cisco isipoambiwa lolote huazimisha anwani kwa siku nzima. Tuseme watu 40 wapya wanaingia kila saa. Ndani ya saa ya saba anwani zimekwisha, ingawa wengi wa waliozichukua wameshaondoka, wako nyumbani, na anwani bado zimeandikwa kwa majina yao hadi kesho. Anayekuja mchana simu yake itashika WiFi lakini haitapata kitu. Atasema intaneti ya hospitali ni mbovu. Malalamiko yakizidi, uongozi utaongeza malipo kwa kampuni ya intaneti ili upate kasi kubwa zaidi, yaani utanunua dawa ya ugonjwa ambao haupo. Muda wa kuazima ukishushwa hadi saa moja, na kila mtu akikaa saa moja hivi, anwani zinazotumika kwa wakati mmoja hazitazidi 80. Hakuna kifaa kilichonunuliwa. Namba moja imebadilishwa.

Je, basi muda uwe mfupi kila mahali? Hapana. Kompyuta za watumishi zinazokaa mezani mwaka mzima hazina sababu ya kuomba upya kila nusu saa, na mgawaji akizimika, muda mrefu ndio unaowawezesha kuendelea na kazi mpaka arekebishwe. Muda wa kuazima unafuata tabia ya watu wanaotumia mtandao ule, na anayezijua tabia hizo si fundi peke yake. Ni mwuguzi wa mapokezi, ni mkutubi, ni mlinzi wa getini. Kuna jambo jingine linalosahaulika. Badiliko la machaguo si lazima lifike kwenye mashine siku hiyo hiyo. Hufika mashine inapoomba upya. Seva ya DHCP ya Windows kwa kawaida huazimisha kwa siku 8, maana yake mashine isiyozimwa huanza kuomba upya baada ya siku 4. Fundi anayehamisha seva ya majina Ijumaa jioni akidhani Jumatatu wote watakuwa wameipata amejiwekea tatizo. Anayefanya kazi kwa mpango hushusha muda wa kuazima siku kadhaa kabla, anahamisha, anahakikisha, kisha anaurudisha. Mpango kama huo hauwezekani pale ambapo hakuna aliyeandika muda uliopo sasa ni upi.

Lipo eneo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu wenyewe ya kuwa makini, nalo ni saa. Baadhi ya simu za mezani za mtandao na vifaa vingine hutegemea machaguo ya DHCP kujua saa. Namba 42 hutaja seva ya saa. Namba 2, ya zamani, hutaja tofauti yetu na saa ya dunia kwa sekunde, na kwetu tulio saa tatu mbele jibu ni 10,800. Mwaka 2007 RFC 4833 ilileta namba 100 na 101 kuchukua nafasi ya hiyo ya zamani. Katika 101 huandikwa jina la mahali, Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam, na hapo ni vigumu kukosea. Katika 100 huandikwa fomula, na fomula ya kwetu ni EAT-3, yenye alama ya kutoa, ingawa tuko mbele. Ndivyo kanuni ile inavyohesabu: inaeleza namna ya kutoka saa ya hapa kurudi saa ya dunia. Fundi mwenye akili timamu asiyesoma kanuni ataandika EAT+3 kwa kuona ndiyo sahihi, na saa zote zitarudi nyuma saa sita. Sasa fikiria hapa petu: saa tatu kamili asubuhi simu ya mezani itaandika 3:00, na mtu aliyezoea kusoma saa kwa Kiswahili anaweza hata asishtuke. Kosa litagunduliwa siku ambayo kumbukumbu za simu zinahitajika kama ushahidi, na hapo hazitalingana na kitu kingine chochote.

Lakini katika jambo hilo hilo la saa pana onyo kwa wale wanaopenda kujaza kila chaguo linalojulikana. Mashine ndiyo inayotaja, kupitia chaguo namba 55, ni machaguo yapi inataka kujibiwa. Kompyuta za Windows kwa kawaida haziulizi seva ya saa kupitia DHCP, zinaipata kwingine. Ukiandika namba 42 ukaamini kwamba saa za kompyuta zote sasa ziko salama, umejidanganya. Kila chaguo linaloongezwa liwe na kifaa kinachojulikana ambacho kinaliuliza na kulifuata. La sivyo ni mstari unaokaa pale miaka, na atakayekuja baadaye ataogopa kuugusa.

Mfano mzuri wa chaguo linalofanya kazi ya kweli ni namba 43, ambalo limeachwa kwa watengenezaji waseme watakalo. Vifaa vya WiFi vya Cisco vinavyoning'inizwa darini hulitumia kumjua msimamizi wao, yaani kifaa kinachoviongoza. Kama msimamizi yuko kwenye 192.168.10.5, swichi huandikiwa F104C0A80A05. F1 ni alama ya aina, 04 ni idadi ya baiti zinazofuata, na C0A80A05 ni ile ile anwani ikiwa imeandikwa kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Wasimamizi wakiwa wawili, 04 inakuwa 08. Mstari huo mfupi unamwondolea fundi kazi ya kupanda ngazi na kukipanga kila kifaa peke yake. Simu za mezani za Cisco nazo hutumia namba 150 kujua mahali pa kuchukua mipangilio yao, na watengenezaji wengine hutumia namba 66 kwa kazi kama hiyo. Hata hivyo maana ya namba 43 hubadilika kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Ukiviweka vifaa vya makampuni mawili katika kundi moja la anwani, jibu moja halivitoshi vyote. Ndiyo maana mtandao uliopangwa vizuri hugawanywa: simu upande wake, vifaa vya WiFi upande wake, wageni upande wao, na kila upande na machaguo yake. Na kwa kuwa swichi ndiyo inayozigawa pande hizo, ni jambo la busara iwe ndiyo inayoyajua mahitaji ya kila upande.

Hapa watakuja wanaopinga, na hoja zao si za kupuuza. Wa kwanza atasema: mambo haya yote ya nini, si tuandike anwani kwa mkono kwenye kila mashine, tujue moja kwa moja nani ana nini? Kwa seva, printa na swichi zenyewe, nakubaliana naye kabisa. Anwani zake ziwekwe kando, na swichi iambiwe isizigawe kwa mwingine. Kwa kompyuta za watumishi njia hiyo haidumu. Kila mashine inayoandikwa kwa mkono ni nakala ya uamuzi ule ule, na siku uamuzi ukibadilika nakala zote lazima zitafutwe. Mashine iliyokuwa likizoni na mwenyewe itarudi na maelekezo ya zamani. Mashine mbili zitaandikwa anwani moja, na zitagombana siku zote mbili zitakapowaka. Mwandiko wa mkono unampa fundi hisia ya kumiliki kila kitu, lakini taasisi haibaki na kumbukumbu yoyote mahali pamoja.

Wa pili atasema kwamba kile kisanduku walicholeta watu wa intaneti kinagawa anwani tayari, na kinafanya kazi. Ni kweli, kwa duka au nyumba kinatosha. Kwa taasisi, maana yake ni kwamba anayeamua seva zenu za majina, muda wenu wa kuazima na mpangilio wenu wa ndani ni kampuni mliyoingia nayo mkataba wa kuleta intaneti mlangoni. Mkibadili kampuni, kisanduku kinaondoka na maamuzi yake yote. Na intaneti ikikatika wakakichukua kwenda kukitengeneza, hata printa iliyo chumba cha pili huenda isipatikane, ingawa karatasi haina haja ya kupita kwenye intaneti kutoka meza hii kwenda meza ile.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Atasema swichi si mahali pa kazi hii. Iko seva, yenye kumbukumbu nzuri, yenye kuonyesha nani alipewa nini na lini, na ndiyo ifanye. Tena swichi nyingi huweka orodha ya anwani zilizoazimwa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, nasi tunajua umeme wetu ulivyo. Ni kweli. Swichi ikiwaka upya bila orodha yake, inaweza kugawa anwani ambayo mashine nyingine bado inaitumia. Cisco hupunguza hatari kwa kuipigia anwani mara mbili kabla ya kuigawa, kusikia kama kuna anayeitika, lakini simu iliyolala haiitiki. Inawezekana pia kuielekeza swichi ihifadhi orodha yake kwenye seva nyingine. Nasema hivi: taasisi yenye seva mbili zinazotunzwa, zenye umeme wa akiba na mtu wa kuzisimamia, izipe seva hizo kazi ya kugawa, na swichi ipeleke maombi huko. Lakini kwenye shule, zahanati au ofisi ya SACCOS ambako seva ni kompyuta moja chini ya meza ya mhasibu, inayozimwa ikipata joto, swichi ni mtumishi mwaminifu zaidi. Iwekeeni betri ya akiba. Ikizimika swichi, mtandao wote umezimika hata hivyo, kwa hiyo hamjaongeza mahali papya pa kuharibika. Na hata seva ikigawa, bado mtu lazima aandike machaguo. Kuhamisha mahali pa kuyaandikia hakumwondolei mtu wajibu wa kuyajua.

Nilisema tutarudi kwenye habari ya atakayewahi kujibu. Mtu yeyote anayechomeka rauta yake ya nyumbani kwenye tundu la ukutani, mara nyingi bila nia mbaya, akitafuta tu WiFi iwe na nguvu chumbani mwake, anaweza kuwa ameleta mgawaji wa pili. Nusu ya ghorofa itapata anwani zisizofanya kazi. Mwenye nia mbaya anaweza kwenda mbali zaidi. Mei 2024 watafiti wa Leviathan Security walionyesha shambulio waliloliita TunnelVision. Lilitumia chaguo namba 121, lililowekwa na RFC 3442 ya mwaka 2002 kwa kazi halali kabisa ya kuziambia mashine njia za ziada. Mgawaji wa uongo anatoa njia zinazopita kando ya VPN, lile handaki la kuificha data, na data ambayo mtumiaji anaamini imefichwa inatoka nje ya handaki lake, huku programu ya VPN ikiendelea kuonyesha kwamba imeunganishwa. Simu za Android hazikudhurika, kwa sababu hazilifuati kabisa chaguo hilo. Mashine nyingine zilidhurika kwa kuwa zilifanya zilivyoagizwa na watengenezaji wake: zilitii. Nami niongeze hapa, kwa mafundi wanaonisikiliza, kwamba chombo kinachopokea namba 121 hutakiwa kuipuuza namba 3. Ukitumia njia za ziada bila kuandika ndani yake njia kuu ya kutokea, utawakatia watu intaneti kwa mkono wako.

Kinga ipo, na ipo ndani ya swichi yenyewe, hata pale ambapo mgawaji ni seva. Swichi huambiwa ni tundu lipi lenye mgawaji halali. Jibu la DHCP likitokea tundu lingine lolote, linatupwa hapo hapo. Nimesikia ikisemwa kwamba kinga hii huharibu mtandao. Malalamiko hayo yana chanzo chake. Katika swichi za Cisco, kinga ikiwashwa, swichi hubandika chaguo namba 82 kwenye maombi, lililowekwa na RFC 3046 ya mwaka 2001, kutaja ombi limetoka tundu gani. Kifaa cha Cisco kilicho mbele kinaweza kulikataa ombi lenye namba 82 ambalo halina alama ya kifaa kilichoruhusiwa kulipeleka, na mashine zikakosa anwani. Fundi aliyebanwa na watu huizima kinga yote, mtandao unarudi, anashukuriwa. Alipaswa ama kuizuia swichi isibandike namba 82, ama kukiambia kifaa cha mbele kiiamini. Kazi hiyo haizidi mistari miwili. Kuizima kinga kumeliacha kila tundu la ukutani kuwa na sauti sawa na ya taasisi.

Imebaki hoja ya mwisho, nayo naisikia zaidi kwa viongozi kuliko kwa mafundi: haya ni mambo ya kitaalamu, tumemwajiri afisa TEHAMA, ayashughulikie yeye. Nauliza, nani anaidhinisha ufunguo wa stoo ukae kwa nani? Nani anaidhinisha sahihi za benki? Kiongozi hahitaji kujua F104 ni kitu gani. Anahitaji kujua kwamba kwenye mtandao wake majina yanaulizwa kwa seva ya nani, wageni wanaazima anwani kwa muda gani, na mgawaji wa uongo anazuiwa au hazuiwi. Maswali hayo yanajibika kwa Kiswahili cha kawaida, na jibu lake linaenea kwenye ukurasa mmoja. Afisa TEHAMA mwenye ukurasa huo pia amelindwa, kwa maana siku tatizo likitokea hataulizwa kwa nini aliamua peke yake. Na siku akihama, anayempokea hataanza kwa kubahatisha.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, mkuu wa shule, mganga mfawidhi, meneja wa SACCOS, ni la wiki hii. Mwiteni fundi wenu, mwombeni aifungue swichi na kuandika kwenye karatasi kila chaguo inalogawa, kwa kila upande wa mtandao, na mbele ya kila moja ataje kifaa kinacholihitaji na sababu yake. Lisilo na sababu lijaribiwe kuondolewa baada ya saa za kazi. Aeleze kama kinga ya mgawaji wa uongo imewashwa, na kama haijawashwa, apewe siku ya kuiwasha. Kisha karatasi hiyo isainiwe, itiwe tarehe, na nakala yake ibaki kwenye jalada la ofisi, si kwenye simu ya fundi.